Unga wa sikukuu tunao hapahapa Ruvuma

KUTOKA MSHANGANO
Na Consolata Mapunda

Wiki ijayo, jioni ya Oktoba 31, watoto wa Marekani, Uingereza na Ireland watapita nyumba kwa nyumba wakiwa na vinyago usoni, wakijaziwa peremende kwenye mifuko. Dar es Salaam nako desturi hiyo imeshapata pa kukaa. Shule za kimataifa na kumbi za starehe za Masaki huandaa usiku wa Halloween, na picha zake hufika kwenye simu za watoto wetu Songea kabla hakujakucha. Hapa kwetu Mshangano, Songea, hakuna atakayevaa kinyago. Jioni hiyo kwetu ni mkesha wa Watakatifu Wote. Novemba 1 tutakwenda misa, Novemba 2 tutawaombea marehemu, na makaburi yatakuwa yameshapaliwa.

Ukifuatilia chimbuko, siku ni ileile. Halloween ni mkesha huohuo wa Watakatifu Wote, ulioota kwenye nchi ambazo mwisho wa Oktoba ni mwisho wa mavuno na mwanzo wa baridi. Zamani huko Uingereza watoto na maskini walipita milangoni kuwaombea marehemu wa kila nyumba, na mwenye nyumba akawapa vimkate vya viungo. Waireland walichonga taa zao kwenye turnipu, na walipohamia Marekani wakakutana na boga, ambalo ni kubwa na rahisi kuchonga. Mifuko ya peremende za kiwandani ni mambo ya karne ya 20.

Siku yenyewe sina ugomvi nayo. Ninachokisemea leo ni meza, kwa sababu meza ya Masaki na meza ya Mshangano, kinyago kiwepo kisiwepo, siku ya sikukuu zimefanana: keki ya ngano na sukari, biskuti za pakiti, maandazi, soda. Soda ya kawaida ya kola hubeba takriban gramu 10 za sukari katika kila mililita 100. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu anayoipata mtu kwa siku, na likasema ikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi; kwa mtu mzima hiyo ni gramu 25 hivi, vijiko sita vya chai. Mtoto anayekunywa chupa moja na kula kipande cha keki ameshapita hapo kabla ya pilau kupakuliwa.

Na kuna watu ambao kwao kupita hapo si jambo la kesho au la uzeeni. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza uliwakuta watu 9 katika kila 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64 wakiwa na kisukari. Katika ukoo wowote wa hapa Songea unaojaza mabenchi mawili kanisani, yumo bibi au baba mdogo mwenye daftari la kliniki. Wapo pia watoto wa kisukari aina ya kwanza wanaochomwa insulini kila siku. Nenda kwenye sherehe yoyote ya kipaimara uwaangalie. Bibi amewekwa pembeni na kipande cha parachichi, anaambiwa, “Wewe bibi hivi havikufai.” Mtoto anapewa maji na karanga mkononi huku wenzake wakigombea keki. Wanaofanya hivyo wanawapenda, wala sina shaka na hilo. Lakini wamemtenga mtu siku ambayo familia nzima imekutana ili asiwepo wa kutengwa, na mimi naona hilo halikubaliki wakati dawa yake iko jikoni.

Kwa miaka mingi Profesa Mohamed Janabi, tangu akiwa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete hadi Muhimbili, na kabla hajawa Mkurugenzi wa Shirika la Afya Duniani Kanda ya Afrika mwaka 2025, alirudia kutuambia tupunguze sukari na wanga. Wengi walimsikiliza, wengi wakamlalamikia: huyu profesa katukataza kila kitu, sasa tule nini? Swali hilo ni la haki. Huachi maandazi kwa kusikia hotuba. Unayaacha siku ukiona sahani nyingine mbele yako, ina harufu nzuri na inatafunika.

Bahati mbaya majibu yanayozunguka mitaani kwetu ni ya kupotosha, na naomba nisimame hapa kidogo. La kwanza ni dona. Mgonjwa anaambiwa aache sembe, ale ugali wa dona, au wa ulezi, au wa muhogo, kana kwamba hizo si wanga. Dona lina pumba na kiini, ni bora kuliko sembe, hilo ni kweli. Lakini gramu 100 za unga wa dona zina wanga zaidi ya gramu 70, ulezi hali kadhalika, na muhogo unapita 80. Ngano nyeupe iko kwenye 76. Mwenye kisukari anaweza kula ugali wa dona kwa kiasi alichopimiwa na mtaalamu wake, ila akishiba tonge kumi kwa sababu ameambiwa ni chakula cha wagonjwa, sukari itapanda tu. Kadhalika unga wa lishe unaouzwa kwenye vifuko. Humo karanga na soya ni kidogo, mahindi na mchele ndiyo mengi.

Jibu la pili ni asali. Misitu yetu ya Tunduru na Namtumbo hutoa asali nzuri, na mtu akiileta nyumbani husema hii ni ya asili, haina madhara. Katika gramu 100 za asali, sukari ni kama gramu 80. Tende zilizokauka nazo zimejaa sukari. Sukari guru nayo ni sukari. Mwokaji anayeondoa sukari nyeupe kwenye keki na kumimina kikombe cha asali hajampunguzia bibi chochote, na anayemwambia kwamba amempunguzia anamweka hatarini.

Jibu la tatu linatoka Dar es Salaam na mitandaoni: unga wa lozi, sukari mbadala ya erithritoli, maganda ya mbegu yaliyosagwa ya kushikiza unga. Vyote hivyo hufanya kazi. Bei yake ndiyo inayofanya watu wa kawaida waamini kwamba kula bila ngano ni starehe ya wenye magari. Lozi hailimwi Ruvuma. Lakini anayeoka kwa unga wa lozi anataka nini hasa kutoka kwenye lozi? Anataka mbegu yenye mafuta mengi, protini ya kutosha, nyuzinyuzi, na wanga kidogo. Sasa tuangalie ghala letu.

Karanga zina wanga gramu 16 hivi kwa kila gramu 100, na nusu ya hizo ni nyuzinyuzi ambazo mwili hauzigeuzi kuwa sukari. Ufuta una 23, na nusu yake pia ni nyuzinyuzi. Mbegu za maboga zilizomenywa zina kama 11. Korosho ziko juu kidogo, 30, na nyuzinyuzi zake ni chache, kwa hiyo za kuchanganya tu, zisiwe unga peke yake. Karanga na mbegu za maboga ni za kila shamba. Korosho ni za Tunduru, na vipande vilivyovunjika huuzwa kwa bei nafuu kuliko nzima. Kwa kuoka vipande ndivyo vinavyofaa. Ufuta tunaulima Namtumbo na Tunduru, tunaupeleka kwenye minada ya stakabadhi ghalani kupitia vyama vya ushirika, unasafirishwa kwenda Asia, kisha sisi tunanunua dukani unga wa ngano ambayo sehemu kubwa imeagizwa kutoka nje. Mkulima anahitaji fedha ya mnada, simkatazi. Namwomba tu abakize debe moja la nyumbani.

Kuna na unga mwingine ambao tunawamwagia kuku. Nazi zinazopanda huku kutoka Lindi na Mtwara tunazikuna, tunakamua tui, machicha tunayatupa. Machicha hayo yakianikwa kwenye sinia juani, na jua la Oktoba la Songea mnalijua, hukauka kwa siku moja au mbili. Ukiyasaga kwenye blenda au kuyatwanga na kuyachekecha, umepata unga wa nazi, ndugu wa karibu wa ule unaouzwa kwa bei ya kutisha kwenye maduka makubwa. Kwa hiyo tui linabaki kwenye mchuzi wa samaki na unga unabaki kwenye keki.

Sasa tuoke. Mwenye oveni atumie oveni, lakini wengi hatuna, na hatuihitaji. Mama zetu wameoka mikate ya kumimina kwa moto wa juu na wa chini tangu zamani. Sufuria nzito, mchanga mkavu chini yake unene wa vidole viwili, mfuniko, na makaa juu ya mfuniko. Tofauti ni moja tu, nayo ndiyo inayoharibu kazi ya wengi: unga wa karanga una mafuta, unaungua haraka kuliko ngano. Makaa ya chini yawe machache mno, ya juu yazidi kidogo. Weka kiganja juu ya mchanga uliopashwa, umbali wa shibiri. Ukiweza kuvumilia hadi ukahesabu saba polepole, moto ni sawa. Ukiondoa mkono kabla ya nne, punguza.

Biskuti za karanga na ufuta huwa hivi. Kaanga karanga vikombe viwili hadi maganda yaachie, zipepete, ziache zipoe kabisa. Ukizisaga zikiwa moto zitatoa mafuta na utapata siagi badala ya unga. Saga kidogo kidogo, simamisha, koroga, saga tena, na uache zikiwa bado na chengachenga. Ongeza nusu kikombe cha ufuta uliokaangwa hadi uanze kurukaruka, chumvi kidogo, mdalasini, iliki iliyotwangwa, na nusu kijiko cha chai cha poda ya kuokea. Vunja yai moja, tia na kijiko kikubwa cha siagi au mafuta ya nazi, ukande. Hautavutika kama unga wa maandazi, kwa sababu karanga hazina ule utomvu wa ngano unaoshika na kunyumbuka. Hapa kinachoshika ni yai. Ukiona unapasuka pasuka ukiufinyanga, lowesha viganja kwa maji, usiongeze yai. Finyanga vidonge ishirini, vibonyeze kwa uma, vipange kwenye trei ya bati iliyopakwa mafuta. Dakika kumi na mbili hadi kumi na tano, kingo zikianza kuwa na rangi ya hudhurungi kama udongo wa njia ya Peramiho, ondoa. Zitakuwa laini na utadhani hazijaiva. Usiziguse. Zikipoa ndipo zinapokauka na kutafunika kwa mlio.

Hesabu yake iko wazi. Biskuti moja ya hapo ina wanga usiofika gramu 2 ukitoa nyuzinyuzi. Biskuti ya ukubwa huohuo ya ngano na sukari hukaribia 15. Nguvu iliyomo haijapungua, kwa kuwa karanga ni chakula kizito, na mtu anayetaka kupunguza uzito asizile kama bisi. Ila kwa mwenye kuangalia sukari ya damu tofauti hiyo ni kubwa sana.

Boga nalo lipate heshima yake, maana wenzetu wanalichonga kisha wengi wanalitupa. Wakati huu wa mwaka yale ya mavuno yamebaki machache kichanjani, lakini ya mabondeni yapo sokoni. Lichome au ulipike kwa mvuke, uliponde, kisha ulifunge kwenye kitambaa safi na kulikamua. Hatua hii isirukwe, boga lenye maji huifanya keki kuwa uji. Kikombe kimoja cha boga lililokamuliwa, mayai manne, nusu kikombe cha unga wa machicha, vijiko vitatu vya samli, kijiko cha chai cha poda ya kuokea, mdalasini, tangawizi kavu, chembe ya chumvi. Mchanganyiko uache ukae dakika kumi, kwa sababu unga wa nazi hunywa maji taratibu na kuvimba. Hivyo ndivyo nusu kikombe kinavyotosha mahali ambapo ngano ingehitajika zaidi ya kikombe kizima. Nyunyiza mbegu za maboga juu, oka kwa moto mdogo hadi kijiti kitoke kikavu. Mbegu zitakazobaki zikaange kwa chumvi na pilipili manga, waachie watoto.

Watu watauliza utamu uko wapi. Boga lina utamu wake mdogo, mdalasini na iliki hudanganya ulimi kwa namna nzuri, na ganda la chungwa lililokwanguliwa husaidia sana. Mwenye uwezo aongeze stevia, tone kwa tone, maana ikizidi huacha uchungu. Lakini msimamo wangu ni kwamba tusikimbilie kuvifanya vitafunwa hivi viwe vitamu kama keki ya dukani. Ulimi wa mtoto hujifunza. Mtoto aliyezoea chai yenye vijiko vitatu huona kijiko kimoja ni adhabu, na baada ya majuma machache hukiona kinatosha. Tukiwapa sikukuu yenye harufu ya iliki na karanga za kukaangwa kutoka jikoni, hiyo ndiyo watakayoikumbuka kuwa ni ladha ya sikukuu.

Mambo mawili ya usalama siwezi kuyapita. Karanga, mahindi na mbegu zilizohifadhiwa kwenye unyevu huota kuvu lenye sumu. Mwaka 2016 sumukuvu kwenye mahindi iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Sumu hiyo haimaliziki kwa kukaangwa wala kuokwa. Kwa hiyo kabla ya kuwasha moto, mwaga karanga kwenye ungo mahali penye mwanga, chambua moja moja, tupa zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zenye ukungu au uchungu. Na kutupa maana yake ni kufukia au kuchoma, tusiwape kuku.

La pili ni insulini. Kabla haijagunduliwa huko Toronto mwaka 1921, na mtoto wa miaka 14, Leonard Thompson, kuchomwa kwa mara ya kwanza Januari 1922, tiba ya watoto wenye kisukari ilikuwa kuwanyima wanga mpaka wakakonda na kufa. Dunia inaadhimisha Siku ya Kisukari kila Novemba 14, siku aliyozaliwa Frederick Banting, kwa sababu watoto hao hawafi tena namna ile. Kwa hiyo asije mtu akasoma safu hii akamwachisha mtoto ugali na sindano kwa pamoja. Mtoto anayechomwa insulini, au mzee anayemeza vidonge vya kushusha sukari, akiondolewa wanga ghafla huku dozi ikibaki ileile, sukari hushuka, anatetemeka, anatoka jasho, anaweza kuzimia. Mabadiliko ya chakula yapangwe na kliniki, iwe Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, iwe Hospitali ya Peramiho, iwe kituo cha afya cha kata. Biskuti za karanga ni za kumfanya aketi na wenzake mezani. Dawa yake iendelee kama alivyoandikiwa.

Sasa nawageukia akina mama wa WAWATA (Wanawake Wakatoliki Tanzania), viongozi wa jumuiya ndogondogo, walezi wa watoto wa Utoto Mtakatifu na kamati za sherehe, ambao najua wiki hii mnapanga bajeti za Novemba. Sisemi mfute keki. Naomba katika sinia nne, mbili ziwe za karanga, ufuta na boga, na ziwekwe katikati ya meza pamoja na nyingine, watoto wote wachukue, asiwepo wa kuonyeshwa kidole kwamba hiki ni chake kwa sababu anaumwa. Nimeona watoto wasio na ugonjwa wowote wakimaliza sinia ya karanga kabla ya ile ya ngano, kwa hiyo pikeni za kutosha. Muulizeni pia kila mzazi mapema kama mtoto wake hudhurika na karanga au korosho, maana wapo. Na aliyeoka aandike kwenye kipande cha karatasi ametia nini na kiasi gani, karanga vikombe vingapi, mayai mangapi, zimetoka biskuti ngapi, amtumie ujumbe mama wa mtoto anayechomwa insulini siku moja kabla. Mama huyo anajua kuhesabu wanga kuliko sisi sote, ila hawezi kuhesabu asichoambiwa.